Je, Wajua Kwa Nini Noti Zilianzia Sichuan?

Mwaka 1945, huko Kajengwa kusini mwa Unguja, lilifukuliwa fungu la sarafu za Kichina, nyingi zikiwa za enzi ya Song, ukoo uliotawala China miaka 960 hadi 1279. Kila moja ina tundu la mraba katikati. Tundu hilo lilikuwa la kupitishia kamba: Wachina walizitunga sarafu zao kama shanga, na kamba kamili ilikuwa na sarafu 1,000.

Hizo zilikuwa za shaba, zinabebeka. Sichuan, mkoa wa kusini-magharibi mwa China, ulitumia sarafu za chuma. Thamani ya chuma ni ndogo kuliko ya shaba, kwa hiyo bei ileile ilihitaji mzigo mzito zaidi. Jora moja la hariri liliweza kufikia sarafu 20,000, yaani mzigo wa kilo 80 hivi. Hebu fikiria: unakwenda sokoni kununua kitambaa, na hamali wako amebeba mzigo mzito kuliko utakaorudi nao!

Shida hiyo ndiyo iliyozaa noti. Karibu na mwaka 1000, wafanyabiashara wa mji wa Chengdu walianza kupokea sarafu za watu, wakaziweka ghalani na kumpa mwenyewe hati ya karatasi. Nyumba 16 za matajiri ziliungana kuitoa hati hiyo, iliyoitwa jiaozi. Ilipigwa mihuri ya wino mweusi na mwekundu, pamoja na alama za siri za kuzuia wenye kughushi. Ukitaka sarafu zako, unapeleka hati na kukatwa sarafu 30 kwa kila 1,000. Punde watu wakaona hakuna haja ya kwenda kuzichukua: muuza hariri alipokea hati, naye akamlipa nayo mwingine. Zamani za utawala wa Tang, ukoo uliotawala China kabla ya Song, palikuwa na hati za kuhamishia fedha, lakini hazikupita mkono kwa mkono sokoni namna hii.

Kisha baadhi ya matajiri wale wakazitumia amana za watu kwa mambo yao, na wenye hati walipokuja, ghala halikuwa na kitu. Zikazuka kesi na vurugu. Mwaka 1023 serikali ikaichukua kazi hiyo, na mwaka uliofuata ikatoa jiaozi za kamba 1,256,340, huku ghalani zikiwekwa kamba 360,000 tu za chuma. Hapa ndipo ninapostaajabu kila mara: chini ya theluthi moja ilitosha, kwa sababu watu hawakuja wote siku moja. Baadaye vita viliifanya serikali ichape bila kiasi, na jiaozi ikashuka thamani vibaya.

Wamongolia walipoitawala China, Kublai Khan alitoa noti zake mwaka 1260, kwa karatasi ya magome ya mforosadi. Ndugu zao waliotawala Uajemi wakaiga mwaka 1294, katika mji wa Tabriz. Hazina ilikuwa tupu, kwa hiyo mtawala Gaykhatu akaamuru noti zipokelewe, na anayekataa auawe. Noti zilikuwa na maandishi ya Kichina, na juu yake ikaandikwa shahada ya Kiislamu. Hata hivyo wenye maduka walifunga, chakula kikatoweka sokoni, watu wakaanza kuuhama mji. Baada ya miezi miwili hivi amri ikaondolewa, na dhahabu na fedha zikarudi kwenye mizani.