Je, wajua kwa nini gitaa la besi hupotea kwenye bendi ya roki nzito?

Mwaka 1988 bendi ya Metallica walitoa albamu ya "...And Justice for All", na mpaka leo mashabiki wanauliza swali lile lile: besi ya Jason Newsted iko wapi? Ilirekodiwa na imo, ila sikio haliipati. Sababu moja inafahamika sana: wakati wa kuchanganya sauti, besi ilishushwa kwa makusudi. Sababu ya pili haitajwi sana, na ndiyo inayowahusu wapiga besi wengi. Newsted alikuwa akilifuata gitaa la James Hetfield noti kwa noti.

Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukipigwa bila kubanwa hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, yaani hezi 41. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetema mara 82. Kwa hesabu hiyo besi ingepaswa kuwa na eneo lake kule chini, lakini ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu nayo imekaa hapo hapo. Juu yake kuna gitaa lenye distoshoni, yaani sauti iliyokwaruzwa kwa makusudi, ambalo kila noti yake huzaa sauti nyingi za ziada na kujaza eneo lote la kati. Sikio letu nalo ni zito kwa sauti za chini: hezi 41 zinahitaji nguvu nyingi mno kuliko hezi 1,000 ili zisikike sawa. Basi mpiga besi akijiona hasikiki, anaongeza volumu. Anachopata ni muungurumo unaotikisa madirisha, na bado hakuna anayejua anapiga noti gani.

Noti ya besi huja na wenzake: ile E ya 41 inafuatana na 82, 124, 165 na kuendelea juu. Sikio likizipata hizo, ubongo hujijazia wenyewe ile ya chini kabisa. Ushahidi uko mfukoni mwako. Spika ya simu haina uwezo wa kutoa hezi 41, na bado unaweza kuufuata wimbo wa besi kwenye simu bila shida.

Kwa hiyo dawa iko katikati, kwenye kitufe ambacho wengi hukishusha. Ukiwa peke yako chumbani, besi juu, trebo (sauti kali za juu) juu na sauti za kati chini hupendeza sana; ukiingia kwenye bendi, sauti hiyo inamezwa yote. Pandisha sauti za kati, hasa kati ya hezi 700 na 1,000, na ukisikia uzito unaoziba kwenye 200 au 300, punguza kidogo hapo. Halafu zungumza na mpiga gitaa apunguze besi ya amplifaya yake. Hilo la mwisho huwa gumu kuliko yote, lakini bila hilo mtaendelea kugombania nafasi moja.

Lemmy Kilmister wa Motörhead alilifikisha jambo hili mbali kuliko yeyote. Alikuwa mpiga gitaa kabla ya kushika besi, akaichomeka besi yake ya Rickenbacker kwenye amplifaya za Marshall, sauti za kati zikiwa juu kabisa, na akapiga kodi nzima nzima, yaani noti kadhaa kwa mpigo mmoja. Ukitaka ukali wa namna hiyo, hakikisha sauti safi ya chini inabaki na distoshoni inachanganywa juu yake. Ukiichafua yote kwa pamoja, uzito hukimbia.

Nyuzi nazo zina kazi yake. Mwaka 1966 John Entwistle wa The Who alishirikiana na kampuni ya nyuzi ya Rotosound kupata nyuzi za besi zilizozungushiwa waya wa mviringo, na mlio wake mkali wa chuma ukawa alama ya roki. Zikichakaa, mlio huo hufa. Ukipiga karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa besi, sauti hukaza. Ukisogea kuelekea shingo hunenepa.

Lakini hata sauti nzuri kiasi gani haimwokoi anayepiga kila kitu pamoja na gitaa. Msikilize Geezer Butler wa Black Sabbath. Gitaa lilikuwa moja tu, la Tony Iommi, na Iommi akienda kwenye solo pengo linabaki wazi. Butler huanza na rifu, kile kipande kifupi kinachorudiwa, sambamba na gitaa, kisha anajitenga, anavuta uzi, anazunguka, na wimbo haupungui uzito. Cliff Williams wa AC/DC alipita njia nyingine: noti ya msingi, mapigo yaliyonyooka, mwisho wa kila noti umekatwa safi. Inamtosha kwa sababu magitaa ya AC/DC hayana distoshoni nyingi, yanaacha hewa.

Jaribu hili mazoezini. Gitaa lishike kodi ya noti mbili, E na B, lisisogee. Wewe piga E chini yake, kisha A, kisha C. Kwenye A kodi inafunguka na kuning'inia. Kwenye C inakuwa kodi ya C yenye noti ya saba kubwa (Cmaj7), laini na yenye huzuni, ingawa mpiga gitaa hajahamisha kidole. Rekodi kwa simu, sikiliza kwa spika yake ile ile. Kama mabadiliko hayo matatu hayasikiki, rudi kwenye kitufe cha sauti za kati kabla hujagusa volumu.