Maana ya "nafasi yenye ufadhili" katika biomekanika

Tangazo lenyewe huwa fupi. Maabara ya mwendo wa binadamu katika chuo fulani inatafuta mwanafunzi wa uzamivu, masomo yanaanza Agosti, mada ni goti baada ya upasuaji, na mwishoni pameandikwa "ufadhili kamili". Kijana wa Dodoma au wa Kisumu akiyasoma maneno hayo, mawazo yake hukimbilia skolashipu: kuna kamati mahali, kuna fomu, kuna ushindani wa alama, mwenye bahati atapata. Anatafuta mahali pa kujaza fomu ya skolashipu, hapaoni, anafunga ukurasa.

Hili huniuma kila nikiliona, kwa sababu katika fani hii maneno hayo yana maana nyingine kabisa. Nafasi yenye ufadhili ni kazi. Kuna profesa, na jina lake limeandikwa pale pale kwenye tangazo, mwenye swali analolitafutia jibu. Amepewa fedha za kulitafuta jibu hilo, na sasa anahitaji mtu wa kukaa naye maabara miaka minne au mitano. Mtu huyo atalipwa, na atatoka na shahada.

Kwanza fani yenyewe. Biomekanika ni elimu ya nguvu na mwendo katika mwili wenye uhai: mfupa ukiwa wenzo, msuli ukiwa injini, kiungo kikiwa bawaba. Sheria zake ni zile za Newton tulizozikariri kidato cha pili. Ukikanyaga sakafu, sakafu nayo inakusukuma. Maabarani msukumo huo hupimwa kwa bamba lililofukiwa sawasawa na sakafu, kiasi kwamba anayepita juu yake halitambui. Mtu mzima wa afya akitembea juu yake, kwenye kompyuta huchorwa mstari wenye umbo la herufi M: mlima wa kwanza kisigino kinapopokea uzito, bonde mwili unapopita juu ya mguu, mlima wa pili vidole vinaposukuma nyuma. Kila mlima huzidi uzito wa mwili kidogo tu. Mtu huyo huyo akikimbia, mstari hupanda hadi mara mbili au hata tatu ya uzito wake. Na akija mgonjwa anayeogopa kuegemea goti lake, atatembea polepole, na M yake italala. Milima inashuka, bonde linajaa. Daktari anayemwangalia kwa macho anaweza asione kitu, lakini mstari umekwisha kusema. Ongeza hapo kamera zinazofuata vijipira vidogo vinavyong'aa vilivyobandikwa kwenye viungo, na vinasio vya umeme wa misuli juu ya ngozi, na umeshaiona karibu maabara yote.

Sisi wa Afrika Mashariki tumo ndani ya elimu hii tangu zamani, ingawa mara nyingi kama watu wa kupimwa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti juu ya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wanaobeba mizigo, na Geoffrey Maloiy wa Nairobi alikuwa miongoni mwa waandishi wake. Walipimwa hewa wanayoitumia wakitembea, ikaonekana kwamba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili hauwaongezei gharama yoyote ya nishati. Mama wa kilo 60 anabeba kilo 12 za maji kana kwamba hana kitu. Sababu ilikuja kuelezwa 1995: wakiwa na mzigo, mwili wao hubembea kama pendulamu kwa ufanisi zaidi, nishati ya kupanda ikirudishwa kuwa nishati ya kwenda mbele badala ya kupotea. Nyayo za Laetoli kule Ngorongoro, zenye umri wa miaka milioni 3.6 hivi, zimesomwa kwa mbinu hizi hizi ili kujua kama waliozikanyaga walinyoosha magoti kama sisi. Na utafiti wa 2010 juu ya wakimbiaji peku wa Bonde la Ufa uliwafanya watu duniani kote waanze kujiuliza kuhusu viatu vyao. Ningependa sana maswali ya aina hii yaulizwe zaidi na watu waliokulia hapa, na njia ya kufika huko inapita kwenye tangazo lile fupi.

Turudi kwenye fedha. Nchini Marekani, ambako nafasi za namna hii ni nyingi, ufadhili una sura tatu.

Ya kwanza ni asistantishipu ya utafiti. Profesa ameomba ruzuku, labda kwa Taasisi za Taifa za Afya, NIH, au kwa Mfuko wa Taifa wa Sayansi, NSF. Ruzuku ikikubaliwa huja na bajeti, na ndani ya bajeti kuna mstari wa mwanafunzi. Mwanafunzi huyo ndiye wewe. Kazi utakayolipwa kuifanya, yaani kubandika vijipira, kukusanya vipimo, kuandika programu za kuvichambua, mara nyingi ndiyo itakayokuwa tasnifu yako. Ndiyo maana mada inatajwa kwenye tangazo: fedha zimefungwa kwenye swali, na huwezi kwenda kwenye ruzuku ya goti ukafanye utafiti wa kurusha mkuki.

Ya pili ni asistantishipu ya kufundisha. Hapa anayelipa ni idara. Utasimamia vipindi vya vitendo vya anatomia au biomekanika kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, utasahihisha kazi zao, kwa kawaida si zaidi ya saa 20 kwa wiki. Kikomo hicho cha saa 20 pia ndicho sheria ya viza ya mwanafunzi inachoruhusu kwa kazi za chuoni muhula unapoendelea. Kwa wanaosoma uzamili, hii huwa njia ya uhakika zaidi, kwa sababu ruzuku kubwa za utafiti hupendelea wa uzamivu watakaokaa muda mrefu.

Ya tatu ni felolashipu: fedha zinazomfuata mwanafunzi mwenyewe bila kudaiwa kazi ya saa kwa saa. Hapa nataka kukuokolea jioni zako. Ile maarufu ya NSF kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu ni ya raia wa Marekani na wakazi wa kudumu tu, na ruzuku za mafunzo za NIH vivyo hivyo. Usiandike insha tatu kwa ajili ya mlango uliofungwa. Fulbright ipo kwa Watanzania na Wakenya, ila hiyo huombwa kupitia ubalozi nyumbani, kwa kalenda yake yenyewe.

Sasa "kamili" ni kamili kiasi gani? Ofa nzuri ina vitu vitatu: msamaha wa ada, posho ya kuishi, na bima ya afya. Kimoja kikikosekana, uliza. Soma barua ya ofa kama unavyosoma mkataba wa kiwanja. Tuchukue mfano wa kubuni. Barua inasema posho ni dola 2,000 kwa mwezi. Unashangilia, halafu mstari wa chini unasema "kwa miezi 9". Hiyo ni dola 18,000, na mwaka una miezi 12, kwa hiyo unachopata kweli ni 1,500 kwa mwezi, isipokuwa uwe umeahidiwa kazi ya likizo ya kiangazi. Halafu kuna michango. Kama shule zetu tu: ada inaweza kusamehewa, lakini mchango wa maabara, wa usafiri, wa michezo na wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni ukabaki juu yako. Tuseme ni 700 kwa muhula, mihula miwili; umebaki na 16,600, sawa na 1,383 kwa mwezi kabla ya kodi ya mapato. Katika mji mdogo utaishi vizuri ukipanga chumba na mwenzako. Boston utahangaika. Barua mbili zenye neno lile lile "kamili" zinaweza kuwa maisha mawili tofauti.

Ulaya neno hilo linasimama kwenye msingi mwingine. Uholanzi, kwa mfano, mtu wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa wa chuo: ana mkataba wa miaka minne, mshahara, likizo na mchango wa pensheni, na lazima awe tayari na uzamili. Ujerumani mkataba mara nyingi ni sehemu ya ajira kamili, hivyo angalia utalipwa asilimia ngapi ya mshahara kamili. Mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie, inayofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, iko wazi kwa uraia wowote, ikiwa na sharti kwamba usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi inayokuajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Sharti hilo, kwa mtu anayeomba akiwa Mwanza, halina madhara yoyote. Uingereza, mabaraza ya utafiti ya serikali yaliwafungulia wageni milango mwaka 2021, ingawa idadi yao ina kikomo cha karibu asilimia 30.

Jambo linalowaangusha wengi ni kutafuta kwa jina moja. Biomekanika haikai kwenye idara moja. Utaikuta kwenye kinesiolojia, yaani elimu ya mwendo wa mwili, kwenye uhandisi mitambo, kwenye uhandisi wa tiba, kwenye fiziotherapia, hata kwenye anthropolojia. Kwa hiyo watu wanaofaa ni wengi kuliko wanavyojidhania: mfiziotherapia, mhandisi, mwalimu wa elimu ya viungo aliyesoma fizikia vizuri, mtaalamu wa miguu bandia aliyetoka chuo cha TATCOT pale KCMC, Moshi. Huyo wa mwisho, kwa maoni yangu, ana kitu ambacho maabara nyingi hazina: ameshika visigino na magoti ya watu mamia kwa mikono yake.

Kinachokosekana mara nyingi ni kuandika programu. Vipimo vya mwendo ni mamilioni ya namba, na anayeweza kuzipanga kwa lugha za programu kama Python au MATLAB husomwa kwa makini zaidi. OpenSim, programu ya kuiga mifupa na misuli iliyotoka Chuo Kikuu cha Stanford, inapatikana bure pamoja na mifano ya kujifunzia. Miezi mitatu ya jioni ukiwa nayo inakupa kitu cha kuonyesha.

Kwa kuwa nafasi ni kazi ya mtu fulani, huanza kwa kumwandikia mtu huyo, miezi kadhaa kabla ya fomu ya chuo. Kwa masomo ya Agosti, vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi Desemba au Januari, hivyo barua ziende kati ya Agosti na Oktoba. Barua mbaya naijua kwa kichwa: "Mheshimiwa Profesa, mimi ni kijana mwenye bidii, naomba unisaidie nipate ufadhili." Ameitumia kwa maprofesa 60, na inajionyesha. Barua nzuri ina aya mbili. Inaweza kusema hivi: "Nimesoma makala yenu kuhusu wagonjwa wanaoegemea mguu usio na tatizo baada ya kufanyiwa upasuaji wa goti. Ninafanya fiziotherapia katika hospitali ya mkoa, na wagonjwa wangu hupimwa kwa kupanda ngazi ilhali nyumbani kinachowashinda ni kuchuchumaa chooni na kuinuka kutoka kwenye mkeka. Je, mmewahi kupima goti lililokunjwa kiasi hicho? Nimeanza kutengeneza mfano wake kwa OpenSim na naambatanisha picha moja. Mnatarajia kuchukua mwanafunzi mwakani, na je, kuna ufadhili?" Profesa akisoma hapo ameona mtu mwenye swali. Asipojibu, subiri wiki mbili, kumbusha mara moja, kisha nenda kwa mwingine.

Hakuna profesa wala idara ya kweli inayouza nafasi. Malipo halali ni ada ya fomu, inayolipwa kwenye mfumo wa chuo chenyewe na ambayo unaweza kuomba usamehewe, kisha baadaye, kwa wanaokwenda Marekani, ada ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na ada ya viza. Nauli ya ndege pia huwa yako, na posho ya kwanza huchelewa wiki kadhaa baada ya kufika, kwa hiyo anza kuweka akiba mapema kuliko unavyofikiri.

Ofa ikija Machi, usishinikizwe. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwanafunzi aliyepewa ofa ya ufadhili ana hadi Aprili 15 kutoa jibu. Tumia siku hizo kuuliza: ruzuku inaisha mwaka gani, na ikiisha kabla sijamaliza nani atanilipa? Kiangazi kinalipwa? Michango ni kiasi gani? Kisha omba kuzungumza na mwanafunzi mmoja aliyepo maabarani, profesa akiwa hayupo, na umuulize anaishije.