Miti Inasimama, Mbegu Hazioti: Vinasaba na Uzazi wa Miti Iliyo Hatarini Kutoweka

Mtu akihesabu miti hamsini mikubwa ya aina adimu msituni, hutoka na matumaini. Sisi tunaoshughulika na mbegu tunauliza kwanza: miche iko wapi? Mti unaweza kuishi karne kadhaa, kwa hiyo wazee waliopo leo walizaliwa wakati msitu ulikuwa mpana na wachumba walikuwa wengi. Vinasaba vyao bado vina mchanganyiko mzuri. Hasara ya msitu kukatwa haionekani kwao, inaonekana kwa watoto.

Karibu kila mti hubeba nakala mbovu za vinasaba zilizofunikwa na nakala nzima kutoka kwa mzazi wa pili. Ua likipata chavua ya mti huohuo, au ya ndugu wa karibu, nakala mbovu mbili zinaweza kukutana. Kwa misonobari na jamaa zake, viinitete vingi hufa mapema na mbegu huwa mapepe: ganda zuri, ndani hamna kitu. Nyingine huota, kisha mche hudumaa. Ipo pia miti inayoikataa chavua yake yenyewe kwa kutambua alama za kijenetiki zinazofanana na zake. Kinga hiyo inafaa pale miti ilipo mingi. Wakibaki wachache wenye alama zilezile, wote hukataana, na maua huchanua mwaka hadi mwaka bila tunda.

Lakini umbali kati ya mti na mti peke yake usitutishe. Utafiti wa mikuyu katika jangwa la Namibia ulionyesha kwamba nyigu wake, wadogo kuliko punje ya mchele na wenye maisha ya siku chache tu, hubebwa na upepo na kufikisha chavua wastani wa karibu kilomita 90. Mti unaotegemea mdudu asiyethubutu kuvuka shamba lililo wazi hauna bahati hiyo. Na wapo walio wapweke kwelikweli: Encephalartos woodii, mmea mithili ya mnazi uliogunduliwa Afrika Kusini mwaka 1895, unajulikana kwa dume tu. Mimea yote ya aina hiyo iliyomo kwenye bustani za dunia ni machipukizi ya dume huyo.

Wapo wanaotaja msonobari wa Wollemi wa Australia, uliogunduliwa mwaka 1994, kama ushahidi kwamba vinasaba si hoja, kwa kuwa tofauti kati ya mti na mti ni ndogo mno na bado unazaa. Mimi sioni faraja hapo. Miti inayofanana hivyo, ugonjwa unaoweza kuua mmoja unaweza kuua yote, na tayari vimelea vya kuozesha mizizi vimeifikia.

Tukubali pia kwamba si kila mbegu iliyokufa ni kosa la vinasaba. Mbegu za Karomia gigas, mti adimu wa misitu ya pwani ya Tanzania, hushambuliwa sana na kuvu. Ndiyo maana tunapasua mbegu kadhaa kwa kisu kabla ya kulaumu chochote.

Panapoharibika zaidi, kwa maoni yangu, ni kitaluni. Mkusanyaji huupenda mti ulio kando ya njia, wenye matawi ya chini na matunda tele. Miche elfu kumi kutoka kwa mama mmoja inapendeza kwenye taarifa, lakini ni ndugu watupu, na wakikua watachavushana wao kwa wao. Ushauri wa kawaida ni kukusanya kutoka miti mama 30 au zaidi, iliyoachana mita 50 hadi 100, kwa kiasi kinacholingana kila mti. Ikiwa imebaki miti saba tu, basi chukua kwa yote saba, hata ule unaotoa matunda kiganja kimoja. Mbegu za kila mama zifungwe mfuko wake wenye namba, namba hiyo iifuate miche hadi siku ya kupandwa, na ndugu wasiwekwe shimo kwa shimo.