Kufungua Gmail na kuingia Chrome: yanayosemwa na yaliyo kweli

Miaka michache iliyopita nilikuwa nashinda kwenye duka la steshenari la dada yangu, jirani na chuo. Asubuhi moja alikuja kijana kuchapa fomu ya kujiunga. Akakaa kwenye kompyuta, akafungua barua pepe yake, na kile kiduara cha juu kulia kwenye Chrome, kivinjari cha Google, kikageuka kuwa herufi ya kwanza ya jina lake. Akakibonyeza, akakuta kitufe cha bluu, akakibonyeza nacho, na kidirisha kilichofuata akakikubali akidhani anathibitisha barua pepe. Akalipa, akaaga.

Mchana akaja binti kutafuta matokeo yake. Aliandika herufi tatu tu kwenye sehemu ya anwani, chini yake zikashuka kurasa alizowahi kufungua yule kijana akiwa kwao, kwa simu yake mwenyewe. Mojawapo ilikuwa ya mambo ya afya ambayo hakuna mtu angependa asiyemjua ayaone. Binti alitazama pembeni, nami nikafunga dirisha haraka. Niliona aibu kana kwamba ni mimi niliyeyatangaza.

Tangu hapo nimesikia maelezo mengi kuhusu kivinjari kumwingiza mtu kwenye akaunti bila yeye kuomba. Mengi hayako sawa, hata yale ya watu wanaoilaumu Google.

"Mimi nimefungua Gmail tu, Chrome sijaingia."

Zamani maneno haya yalikuwa kweli tupu. Kuingia Gmail ni kuingia kwenye tovuti; kuingia Chrome ni kuikabidhi programu yenyewe jina lako. Ungeweza kutumia Gmail miaka mingi na Chrome yako isiwe na akaunti ya mtu. Septemba 2018, Chrome ilipotimiza miaka 10, lilitoka toleo la 69, na kwenye kompyuta mambo mawili yakafungwa pamoja: ulipoingia huduma yoyote ya Google, Chrome nayo iliingia kwa akaunti hiyohiyo. Haikuuliza. Wengi walilijua hilo baada ya Matthew Green, mtaalamu wa usimbaji fiche (kuficha data kwa msimbo) katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, kuandika mwishoni mwa mwezi ule kwamba ameachana na Chrome.

Google ilikuwa na sababu yake, na si ya kupuuzwa. Adrienne Porter Felt, aliyekuwa kwenye timu ya Chrome, alieleza kwamba kwenye kompyuta za kuchangia mtu alikuwa akitoka Gmail akidhani ametoka na Chrome, kumbe bado yumo. Aliyefanya kazi steshenari analijua hilo vizuri. Lakini Green alijibu hoja ambayo hadi leo naiona haijapata jibu: tatizo hilo linampata mtu aliyekwisha kuingia Chrome kwa hiari. Yule ambaye hakuwahi kuingia alikuwa na tatizo gani hata aingizwe kwa nguvu?

"Kwa hiyo Google ilianza kuzoa historia za watu wote kimyakimya."

Hapana, na hapa wanaolalamika wajirekebishe. Kuingia Chrome na kuwasha usawazishaji, yaani kuruhusu data za kivinjari chako zihifadhiwe Google na kukufuata kwenye kila kifaa, zilikuwa hatua mbili. Toleo la 69 lilikuingiza, ila halikupeleka historia, alamisho (kurasa ulizoziwekea alama) wala manenosiri yako kwenye seva za Google; ilibidi wewe mwenyewe ukubali usawazishaji. Yule kijana wetu ndivyo alivyokubali.

Tatizo ni urahisi wa kukubali bila kujua. Kabla ya hapo ulitakiwa kuandika barua pepe na nenosiri ili uingie Chrome, na muda ule wa kuandika ulitosha mtu kujiuliza anafanya nini. Baada ya hapo kikabaki kitufe kimoja cha bluu chenye jina lako tayari. Tena masharti ya faragha ya Chrome ya siku zile yalitaja hali mbili, ya kawaida na ya kuingia, na kusema kwamba ukiwa umeingia taarifa zako hutunzwa kwenye seva za Google. Mtu aliyeyasoma kwa makini ndiye angeogopa zaidi! Google ikayarekebisha siku chache baadaye, kelele zilipopanda. Kwangu mimi kosa liko hapo: ridhaa iliyotolewa kwa kidole kilichoteleza nashindwa kuiita ridhaa.

Jambo jingine lisilosemwa sana: kuna kaulisiri ya usawazishaji, yaani nenosiri la ziada unalolitunga mwenyewe. Ukiiweka, data zako husimbwa kiasi kwamba Google yenyewe haiwezi kuzisoma. Haiwekwi mpaka uitafute mwenyewe, na ukiisahau hakuna wa kukurudishia. Nani aliwahi kukuonyesha?

"Nikitoka Gmail, nimetoka kila mahali."

Ilitegemea. Kama hukuwasha usawazishaji, ulipotoka Gmail ulitoka na Chrome. Kama uliuwasha, kutoka Gmail kuliusimamisha tu. Vilivyokwisha kushuka kwenye mashine ile, yaani historia, alamisho na manenosiri, vilibaki palepale. Ndiyo maana binti wa mchana aliona alichokiona. Ilibidi niufute wasifu mzima wa kijana, yaani nafasi yake yote ndani ya Chrome, kwenye kompyuta ya duka.

Kufuta vidakuzi, yaani vijifaili ambavyo tovuti huviacha kwenye kivinjari ili zikukumbuke, nako kulikuwa na mtego. Katika toleo la 69, ukifuta vidakuzi vyote vile vya Google vilibaki, na ukabaki umeingia. Lilirekebishwa katika toleo la 70, Oktoba mwaka huohuo.

"Nitatumia hali fiche (Incognito), hakuna atakayeniona."

Hali fiche inamzuia anayekalia kiti baada yako. Kwa kazi hiyo ni nzuri na naipendekeza. Tovuti unazofungua, mtandao unaoutumia na mwajiri mwenye mtandao huo, haiwazuii. Kesi iliyofunguliwa Marekani Juni 2020 ilihusu dhana hii hasa. Katika makubaliano yaliyowasilishwa mahakamani Aprili 2024, Google ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu za kuvinjari, na maelezo ya ukurasa wa kwanza wa hali fiche yalibadilishwa ili yaseme wazi zaidi.

"Nisipoingia kabisa niko salama."

Uko salama zaidi, si salama kabisa. Tovuti nyingi zimebeba vipande vya Google vya matangazo na takwimu, na kila ukizifungua, kivinjari chako hutuma huko anwani ya ukurasa, anwani ya mtandao wako na vidakuzi. Watumiaji wa Chrome ambao hawakuwasha usawazishaji waliishtaki Google mwaka 2020 kwa kuendelea kupokea taarifa zao. Kesi ikatupwa Desemba 2022. Agosti 2024 mahakama ya rufaa yenye makao San Francisco ikairudisha, ikisema kinachotakiwa kuangaliwa ni kama mtumiaji wa kawaida, akisoma masharti yale, angeelewa kwamba amekubali. Nilifurahi kusoma hivyo.

"Ni Google peke yao."

Edge ya Microsoft nayo huingia yenyewe kwa akaunti unayotumia kufungulia Windows. Firefox ina akaunti iliyotengana na barua pepe yako, na data husimbwa kabla hazijaondoka kwenye kifaa chako.

"Hakuna pa kuizimia."

Papo tangu toleo la 70. Fungua mipangilio ya Chrome kwenye kompyuta, nenda sehemu ya akaunti na huduma za Google, utaikuta swichi ya kuruhusu kuingia kwenye Chrome. Ukiizima, Gmail utaifungua kama kawaida na kivinjari kitabaki bila jina. Ilikuja imewashwa, kwa hiyo asiyeambiwa haigusi.

Kwa wenye maduka ya kuchapa na vyumba vya kompyuta mashuleni, swichi hiyo haitoshi, kwa sababu manenosiri bado yanaweza kuhifadhiwa. Sisi tulihamia hali ya wageni: ipo palepale kwenye kiduara cha juu kulia. Mteja anafungua barua pepe yake, anachapa, na dirisha likifungwa historia na vidakuzi vyake vinafutika. Dada alibandika karatasi juu ya kila kioo: "Fungulia hapa kwa Mgeni. Ukimaliza funga dirisha lote." Wateja wazee walikuwa wakituita tuwafungie, nasi tukaenda kuwafungia.