Kusimama tu, hiyo ndio kazi yenyewe

Ikifika Oktoba simu yangu haipumziki. Viongozi wa skauti, wa makadeti wa St John, walimu, wote ombi lao moja, afande njoo utunyooshee watoto, tumealikwa siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani na kwata yetu ni kama kuku walofukuzwa jikoni. Nami huenda. Nshastaafu navy, miaka mingi nilikuwa kambi ya wanamaji ya Mtongwe nikifunza gwaride, na mtu aliyezoea kupiga kelele uwanjani akikaa nyumbani atampigia kelele nani, mke wangu? Hathubutu mtu.

Wazazi wengi hufikiri kazi ni kutembea. Kutembea ni rahisi, mazoezi ya siku tatu nne mtoto ashashika mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka. Hata ile hatua ya pole pole ya maombolezo, kama hatua 65 kwa dakika badala ya zile 120 za kawaida, huishika, ingawa mwanzo watayumba yumba kama wako ndani ya dau. Kazi ni kusimama. Mchukue kijana wa miaka 13 umwambie asimame dakika 40 bila kujikuna, Novemba hii yetu ya Mombasa, mvua ya vuli imenyesha usiku halafu jua limetoka na ule mvuke wapanda kutoka kwa lami, ndio utajua nasema nini.

Mwaka wangu wa kwanza kufunza watoto walinianguka watatu gwaride moja, mmoja alikuwa ameshika shada la maua, shada likaenda kule na yeye huku. Kosa lilikuwa langu kwa sababu niliwafunza kama watu wazima, kaza magoti, simama kama mlingoti. Sasa ukikaza magoti ukae hivyo damu hushuka ikatuama miguuni, maana misuli ya vigimbi ndio pampu ya kuirudisha juu na wewe umeizima, ubongo ukikosa damu mtoto huyo chini kama gunia. Siku hizi nawaambia legeza magoti kidogo, watu hawaoni, chezesha vidole ndani ya kiatu, hamisha uzito kisiginoni urudishe mbele, pole pole. Maji uanze kunywa jana yake, si asubuhi ile. Na chai lazima, mahamri na mbaazi ule ushibe, hakuna mambo ya ati nilichelewa. Ukiona macho yaingia giza, masikio yavuma, piga goti palepale ulipo, si aibu, aibu ni kupasua kichwa mbele ya wageni.

Kitu kingine ni saluti. Skauti ana yake ya vidole vitatu, mwacheni na yake msimlazimishe ya jeshi. Alobeba shada hapigi saluti, mikono imejaa, anamkabidhi mgeni, arudi hatua nyuma, atulie. Na tafadhali wazazi msiwashonee watoto kombati ya jeshi na kuwachongea bunduki za mbao, kwanza sheria ya Kenya yakataza raia kuvaa sare za jeshi, pili mtoto hakuja pale kuigiza askari, amekuja kwa niaba ya sisi tulobaki. Mimi hili sibishani na mtu.

Tarumbeta sasa. Ule wimbo wa Last Post watu wadhani ilitungwa kwa ajili ya maiti, la, zamani ilikuwa ishara kambini kwamba zamu zote za ulinzi zimekaguliwa, siku imekwisha, watu walale. Ndio maana baada ya kimya cha dakika mbili hupigwa nyengine ya kuamsha. Ni usiku, halafu ni asubuhi. Nikishawaeleza hivyo watoto wenyewe huacha kuchekacheka.

Lakini alonifunza mimi kazi hii sawasawa ni msichana mmoja, bereti juu ya hijabu, kimya sana. Siku ya mazoezi akanyoosha mkono, "Afande samahani, hawa tunaosimama kwa ajili yao ni kina nani?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilikuwa nimewafunza kila kitu isipokuwa hicho.

Basi Jumamosi ilofuata hatukupiga kwata. Niliwapeleka kwanza kwa zile sanamu za askari pale Jomo Kenyatta Avenue, ambazo sote twazipita na matatu bila kugeuza shingo. Nikawaambia vita vile vya 1914 hadi 1918 havikuwa vya askari tu, walikuwako mapagazi, watu wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo, makumi ya maelfu walikufa na wengi waliuliwa na maradhi na njaa, si risasi. Dunia husema vita viliisha saa tano asubuhi tarehe 11 Novemba 1918, ndio sababu siku ya kuwakumbuka ni ile Jumapili ya pili ya Novemba, lakini huku kwetu kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha tarehe 25, kule Abercorn ambako leo ni Mbala, Zambia. Wiki mbili nzima. Sanamu ya Nairobi imeandikwa kwamba watoto wako watalikumbuka jina lako, na majina yenyewe hayamo.

Nikawauliza pia, polepole, kama kuna mtu kwao wamepoteza askari Somalia, maana kambi yetu ya El Adde ilishambuliwa 15 Januari 2016 na ya Kulbiyow 27 Januari 2017, si mambo ya mababu hayo. Mtoto wa aina hiyo usimpe shada kabla hujamuuliza yeye na mamake. Wengine hutaka sana, wengine hawawezi.

Halafu tukaenda Lighthouse, tukanunua mihogo, tukakaa tukiangalia mlango wa bahari. Hapa, nikawaambia, mwanzo wa Februari 1944 ilipita meli ikitoka Kilindini kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo, yaitwa Khedive Ismail, ndani watu 1,511, wengi wao kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani ikaipiga. Walikufa 1,297. Msichana wangu akauliza makaburi yao yako wapi, nikamwonyesha maji.

"Ilichukua muda gani kuzama afande?"

Kama dakika mbili, nikasema.

Hawakusema kitu. Kijana mmoja, yule mtundu wao, akatoa simu akaweka saa, wenzake wakasimama bila mtu kuwaamrisha. Feri ikapiga honi upande wa Likoni, muuza mihogo akaacha kukoroga mafuta akatuangalia. Nilihesabu na mimi. Nimesimama magwaride mangapi sijui, lakini sijawahi kuona dakika mbili ndefu vile.