Jeni moja haitoshi: takwimu inavyosaka chanzo cha maradhi

Selimundu hutokana na badiliko la herufi moja katika jeni moja (DNA, maandishi ya urithi ndani ya seli, ina herufi nne: A, C, G na T). Ukilirithi kwa baba na kwa mama, unaugua. Kisukari cha aina ya 2 hakiendi hivyo: jeni zinazohusika ni mamia, kila moja inachangia chembe tu, na umri, uzito na mlo navyo vina sehemu yake. Kufuatilia ukoo mmoja hakukufikishi mbali.

Ndiyo maana hufanyika uchunguzi wa uhusiano wa jenomu nzima, yaani wa DNA yote ya mtu. Huchukuliwa maelfu ya wagonjwa na maelfu ya wasiougua, kisha DNA yao husomwa mahali laki kadhaa ambapo watu hutofautiana kwa herufi. Kila mahali huulizwa swali lilelile: je, herufi hii imezidi kwa wagonjwa? Tuseme A ni 34% kwa wagonjwa na 30% kwa wenzao. Kwa watu mia moja hiyo ni bahati tu. Kwa watu 10,000, nusu kwa nusu, ni jambo zito.

Hapo ndipo wengi huteleza. Tafiti nyingi huridhika na uwezekano wa 5% wa kudanganywa na bahati. Lakini ukiuliza maswali milioni moja, 5% ni majibu 50,000 ya uongo! Kwa hiyo hiyo 5% hugawanywa kwa milioni: matokeo hukubalika tu kama bahati ingeyatoa chini ya mara moja katika milioni 20. Ni kipimo kikali, na kinastahili.

Asili ya watu nayo hudanganya. Wagonjwa wakitoka jamii moja na wazima jamii nyingine, utagundua tofauti za mababu ukidhani ni za ugonjwa, hata sampuli iwe kubwa namna gani.

Na ukishapata herufi, bado hujampata mhusika, kwa sababu herufi jirani hurithiwa pamoja. Mwaka 2007 alama ndani ya jeni ya FTO ilihusishwa na unene. Wenye nakala mbili za alama hiyo, moja kwa kila mzazi, walikuwa na takriban kilo 3 zaidi kwa wastani. FTO ikabatizwa jeni ya unene. Miaka kadhaa baadaye ikaonekana kwamba kipande kile cha DNA huendesha jeni nyingine iliyo mbali kidogo, IRX3. Jina la utani, hata hivyo, limebaki kwa FTO.