Foleni za sabuni hazikuletwa na walanguzi

Bado nasikia ikisemwa kuwa uhaba wa miaka ya 1980 Tanzania uliletwa na walanguzi walioficha sukari na sabuni. Kuficha kulikuwapo, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwasaka wahujumu uchumi. Lakini chukua mche mmoja wa sabuni: bei yake ilipangwa na Tume ya Bei, chombo cha serikali. Gharama zikipanda bei isipande, kiwanda hakina sababu ya kuzalisha zaidi, na kidogo kilichopo kinapitia mlango wa nyuma. Vita vya Kagera na ukosefu wa fedha za kigeni vilizidisha dhiki, hilo silikatai. Mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa, na rafu zikaanza kujaa. Walioagiza walikuwa wafanyabiashara, kundi lile lile lililokuwa likilaumiwa.